Hawasikii lugha, lakini wanasikia wimbo: sababu gani Sigur Rós ina wapenzi dunia nzima

Kuko swali moja ambalo linarudi kila mara mtu anaposikilizisha rafiki yake muziki wa Sigur Rós kwa mara ya kwanza: "Sasa huyu anaimba nini?" Jibu linashangaza. Mara nyingine anaimba kwa lugha ya Iceland, lugha inayosemwa na watu wasiofika nusu milioni. Mara nyingine haimbi lugha yoyote. Ni sauti tu. Hata mtu aliyezaliwa Iceland hawezi kukutafsiria, juu hakuna cha kutafsiri.

Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 20 nyimbo hizo zimejaza majumba ya konseri huko Ulaya, Marekani na Japani. Kuko watu wanaozipiga siku ya ndoa. Wengine wanazipiga wakiwa na kilio nyumbani. Wengine wanasema hawawezi kulala bila kuzisikiliza. Namna gani mtu anaweza kutokwa machozi juu ya wimbo ambao hajui maana yake? Katika makala hii tunajaribu kueleza kikundi hiki ni cha nani, muziki wake unatengenezwa namna gani, na wapenzi wake wanapata nini ndani.

Na tuanze kwa kukumbushana kwamba jambo hili si geni kwetu. Nyimbo za Franco na za Tabu Ley zilichezwa Nairobi na Dar es Salaam na watu ambao hawakujua Kilingala. Waliimba kuanzia mwanzo mpaka mwisho, wakikosea maneno, na furaha haikupungua. Hata huku mashariki, wazee wengi vijijini walipenda nyimbo za Kinshasa bila kujua zinasema nini. Na katika Kiswahili chetu neno ni moja tu: "kusikia". Tunasema "nasikia ngoma", tukimaanisha masikio. Tunasema "nasikia Kilingala", tukimaanisha tunaelewa. Wapenzi wa Sigur Rós wanaishi kati ya hizo maana mbili. Hawasikii lugha, lakini wanasikia wimbo.

Kikundi kilianza namna gani

Munamo mwezi wa kwanza mwaka wa 1994, vijana watatu wa muji wa Reykjavík, muji mkuu wa Iceland, waliunda kikundi. Jón Þór Birgisson, ambaye wote wanamuita Jónsi, alishika gitare na kuimba. Georg Hólm alishika gitare ya bas. Ágúst Ævar Gunnarsson alipiga ngoma. Siku hizo hizo Jónsi alikuwa amepata dada mdogo, mtoto mchanga aliyeitwa Sigurrós. Wakachukua jina la mtoto, wakalikata vipande viwili: Sigur Rós. Maana yake ni ua la ushindi, ua lile la rozi.

Albumu ya kwanza ilitoka munamo mwaka wa 1997. Iliitwa "Von", maana yake tumaini. Haikufika mbali. Mwaka uliofuata aliingia Kjartan Sveinsson, mpiga kinanda, ambaye kati yao wote njo aliyekuwa amesomea muziki. Munamo mwaka wa 1999 wakatoa albumu ya pili, "Ágætis byrjun", maana yake mwanzo mzuri. Pesa ilikuwa kidogo. Wanamuziki wenyewe walikaa chini wakikunja majalada ya disiki na kuyagundisha kwa mikono yao, na gundi ikaharibu disiki kadhaa.

Lakini ile albumu ndiyo iliyowafungulia mlango. Munamo mwaka wa 2000 kikundi maarufu cha Uingereza, Radiohead, kiliwachukua wapige mbele yake katika safari ya konseri za Ulaya. Mwaka wa 2001 nyimbo zao ziliingia katika filime ya Marekani "Vanilla Sky". Ágúst alikuwa ameondoka, na fasi yake ikachukuliwa na Orri Páll Dýrason. Toka hapo jina lao likazunguka dunia.

Iceland yenyewe ni inchi gani? Ni kisiwa baridi kule kaskazini mwa bahari ya Atlantiki. Ukiweka Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini pamoja, utapata eneo kubwa kidogo kuliko Iceland, ambayo ina kilomita za mraba karibu 103,000. Lakini wakaaji wake wote hawafiki hata laki nne. Muji wa Goma peke yake unawapita. Na kuna kitu kingine ambacho mtu wa Goma atakitambua haraka: Iceland iko fasi ambapo ardhi inapasuka na kuachana, na volkano zinalipuka mara kwa mara. Munamo tarehe 23 mwezi wa kwanza mwaka wa 1973, volkano ililipuka karibu kabisa na nyumba za watu katika kisiwa cha Heimaey. Watu zaidi ya 5,000 walihamishwa usiku ule, wengi wao kwa mashua za wavuvi. Nyumba nyingi zikazikwa chini ya majivu na mawe ya moto.

Kwa hiyo waandishi wengi, wakieleza muziki wa Sigur Rós, wanakimbilia volkano, barafu na upepo. Eti muziki huu ni sauti ya mlima. Maelezo hayo ni matamu, lakini tuyapokee kwa uangalifu. Hawa ni vijana wa muji. Jónsi katika ujana wake alipenda Iron Maiden, muziki wa gitare wenye makelele. Mtu wa Goma hapigi muziki wa namna fulani juu ya Nyiragongo kuwa karibu. Anapiga muziki aliousikia, aliojifunza, na alioutafuta. Na ndivyo ilivyo kwa Sigur Rós.

Hii aina ya muziki inaitwaje?

Wenye kupanga muziki kwa mafungu wanauita "post-rock", maana yake muziki unaokuja kisha rock. Jina hilo lilienezwa na mwandishi Mwingereza Simon Reynolds munamo mwaka wa 1994, mwaka ule ule Sigur Rós ilipoanza. Alitaka kueleza vikundi ambavyo vinatumia vyombo vya rock (gitare, bas, ngoma) lakini si kwa kupiga rock. Katika rock ya kawaida gitare inabeba wimbo: kuna ubeti, kuna kiitikio, na dakika tatu ao nne kazi imekwisha. Katika post-rock gitare inatengeneza hewa. Inakuwa kama ukungu wa asubuhi juu ya ziwa: huwezi kusema unaanzia wapi, lakini uko ndani yake.

Wimbo wa namna hii unaendaje? Mara nyingi unaanza na kitu kidogo sana: noti chache za piano, ao mlio mmoja tu unaokaa. Kwa dakika mbili tatu mtu anaweza kufikiri kwamba hakuna kinachotokea. Kisha bas inaingia chini. Kisha ngoma, polepole. Kisha violoni. Kila chombo kinaweka jiwe lake juu ya jiwe la mwenzake, na sauti inapanda bila haraka. Mwishoni, wakati msikilizaji amekwisha kusahau kwamba alikuwa anangojea, wote wanapiga kwa nguvu kwa pamoja. Na kisha hapo, kimya.

Mtu aliyezoea sebene ataona kitu anachokijua. Katika rumba yetu pia kuna sehemu ya polepole, mwimbaji anabembeleza, na wachezaji wanangoja. Sebene inapoingia, uwanja wote unasimama. Utamu wa sebene unatoka katika kungojea. Sigur Rós wanafanya hivyo, ila wanangojesha watu zaidi, na mwisho wake si wa kucheza. Watu wanasimama wima, macho yamefungwa.

Gitare inayopigwa kwa upinde

Alama ya kwanza ya kikundi hiki ni mlio wa gitare ya Jónsi. Hapigi nyuzi kwa vidole. Anachukua upinde wa violonsele, yule ndugu mkubwa wa violoni, na kuupitisha juu ya nyuzi za gitare ya umeme. Gitare ya kawaida ukiigusa inalia mara moja, kisha sauti inakufa. Upinde hauachi sauti ife. Mlio unaendelea muda wote mkono unatembea. Kisha unapitishwa katika mitambo inayouongezea mwangwi, mpaka gitare moja inajaza jumba zima.

Alama ya pili ni sauti yake. Jónsi anaimba kwa sauti nyembamba ya juu, ile ambayo wanaume wanaifikia wakiacha sauti yao ya kifua. Wanaomsikia mara ya kwanza wanauliza kama ni mwanamke ao mtoto. Waimbaji wa korale wanajua kwamba sauti hiyo ni ngumu kuishika kwa muda mrefu bila kuyumba. Yeye anaishika, tena polepole, fasi ambapo hakuna makelele ya kumficha akikosea.

Alama ya tatu ni violoni. Kwa miaka mingi wamepiga pamoja na Amiina, wanawake wanne wa Iceland wanaopiga violoni na ndugu zake. Katika wimbo "Starálfur", violoni zimepangwa kwa namna ya ajabu: ukizipiga kutoka mwanzo kwenda mwisho, ao kutoka mwisho kurudi mwanzo, zinatoa sauti ile ile.

Lugha ambayo si lugha

Sasa turudi ku lile swali la mwanzo. Jónsi anapokuwa haimbi kwa lugha ya kwao, anaimba kwa kitu ambacho kikundi kinakiita "Vonlenska". Jina linatoka katika "Von", wimbo wa albumu ya kwanza ambamo alianza kuimba hivyo. Tungeweza kusema "lugha ya tumaini", lakini wenyewe wanaeleza kwamba si lugha. Haina sarufi, haina kamusi. Ni silabi zinazofuata muziki, na sauti ya mtu inakuwa chombo kama vingine.

Kwa mtunzi wa nyimbo hilo si jambo la kichawi. Karibu kila mtunzi, hata huku kwetu, anaanza kwa kuimba "la la la" ao silabi zisizo na maana akitafuta njia ya wimbo. Maneno yanakuja nyuma. Wengi wanafuta zile silabi za kwanza na kuweka maneno fasi yake. Sigur Rós mara nyingine wanaziacha vile zilivyo. Na atalaku wetu, anaporusha vilio vyake juu ya gitare, si vyote vina maana ya kutafsiri. Vina kazi: vinaamusha watu. Hakuna anayesimamisha ngoma ili aulize kilio kile kinasema nini.

Albumu ambayo msikilizaji anaimaliza mwenyewe

Jambo hilo lilifika mwisho wake munamo mwaka wa 2002. Kikundi kilikuwa kimenunua bwawa la zamani la kuogelea, lililojengwa miaka ya 1930 huko Mosfellsbær, karibu na Reykjavík. Wakaligeuza studio na kuliita Sundlaugin, maana yake "bwawa la kuogelea" tu. Humo walirekodi albumu ya tatu. Jina lake ni mabano mawili, ( ), na katikati hakuna kitu. Nyimbo ziko nane, na hakuna hata moja iliyopewa jina. Kati ya nusu ya kwanza na nusu ya pili kuna sekunde 36 za kimya. Nusu ya kwanza ina mwanga, nusu ya pili ni nzito, ya huzuni. Yote inaimbwa kwa Vonlenska.

Ndani ya disiki kulikuwa na kijitabu, kama kawaida. Lakini mtu alipokifungua ili asome maneno ya nyimbo, alikuta kurasa tupu. Kikundi kilitaka msikilizaji aandike ao achore mwenyewe kile alichosikia.

Hapo njo unaweza kuelewa mapenzi ya watu kwa kikundi hiki. Mwimbaji wa mapenzi anakuambia: huyu ni Fulani, aliniacha, ninalia. Wewe unalia naye, lakini kilio ni chake. Sigur Rós wanakupa kilio ao furaha bila jina la mtu. Jina unaliweka wewe. Aliyefiwa na mama atamsikia mama yake. Aliyepata mtoto wiki iliyopita atamsikia mtoto. Watu wawili wanakaa katika jumba moja, wanasikia wimbo mmoja, na kila mmoja anarudi nyumbani na wimbo wake. Hakuna anayeweza kumwambia mwenzake "wewe umeelewa vibaya".

Maneno yanaweza kumfungia mtu nje. Wimbo wa ushindi una upande. Wimbo wa kabila una mlango. Wimbo wa lugha ya mji mkuu unamwambia mtu wa kijiji kwamba yeye si wa hapa. Silabi zisizo na lugha hazina kabila, na hakuna anayezaliwa akizijua kuliko mwingine. Mbele ya albumu ile, Mjapani, Mmarekani na Mwaisilandi wako sawa: wote hawajui neno hata moja.

Lakini tusifikiri kwamba maneno hawana kazi nayo. Mara nyingine jina moja tu linatosha. Katika "Ágætis byrjun" kuna wimbo unaoitwa "Viðrar vel til loftárása". Maana yake: hali ya hewa inafaa kwa mashambulizi ya ndege. Maneno hayo yalitoka kwa mtangazaji wa hali ya hewa katika televisheni ya Iceland wakati wa vita vya Kosovo. Wimbo ni piano na violoni, wa polepole na upole mwingi, karibu dakika kumi. Asiyejua lugha ya Iceland anasikia utulivu tu. Akijua jina, anausikia upya. Na mtu aliyewahi kuangalia mbingu nyeupe, bila wingu, akajiuliza kama ni siku nzuri ao ni siku mbaya, hahitaji maelezo zaidi.

Walirudi nyumbani

Munamo mwaka wa 2006, kisha kuzunguka dunia na albumu "Takk...", maana yake asante, Sigur Rós wangeweza kupumzika. Wakafanya kitu kingine. Katika majira ya joto walizunguka Iceland yao na kupiga konseri za bure, nyingi bila kutangazwa mbele. Walipiga Reykjavík, katika bustani ya watu wote, mbele ya umati mkubwa. Walipiga pia katika vijiji vidogo, ambako wazee na watoto walikuja na viti vyao na blanketi. Safari hiyo ilikuwa filime, "Heima", iliyotoka munamo mwaka wa 2007. Heima maana yake ni nyumbani.

Wapenzi wengi wanasema filime hiyo ndiyo iliyowafundisha kupenda kikundi. Ndani yake tunaona Djúpavík, kijiji cha wavuvi ambako kiwanda kikubwa cha samaki kilifungwa miaka ya 1950, watu wakaondoka na kuta zikabaki. Kikundi kilipiga ndani ya tangi tupu la mafuta ya samaki, na mwangwi ambao fasi nyingine unatoka ku mitambo, pale ulitoka ku chuma chenyewe. Tunamuona mzee Steindór Andersen akiimba mashairi ya zamani ya Iceland kwa sauti kavu, bila ala. Tunaona mawe ya mlimani yaliyopangwa na kupigwa kama marimba. Wanamuziki maarufu wanakaa pembeni ya wanakijiji, na huwezi kujua nani ni mgeni.

Kuna sehemu moja ambayo itamgusa msomaji wa huku. Wakati ule serikali ya Iceland ilikuwa inajenga bwawa la umeme la Kárahnjúkar katika milima ya mashariki ya inchi, lenye nguvu ya megawati 690. Umeme huo haukuwa wa nyumba za wakaaji. Ulikuwa wa kiwanda kimoja cha kuyeyusha aluminium cha kampuni ya Marekani. Ili kuupata, bonde la kilomita za mraba 57 lilizamishwa chini ya maji. Watu waliopinga walipiga hema kule juu. Sigur Rós walienda kuwapigia. Na kwa sababu mgogoro ulikuwa juu ya umeme, walipiga bila umeme: hakuna vipaza sauti, hakuna gitare ya umeme. Upepo ulikuwa unachukua nusu ya muziki. Munamo mwezi wa tisa mwaka ule ule maji yalianza kujazwa, na bonde likazama. Swali la "umeme huu ni wa nani?" wakaaji wa huku wanalijua bila kufundishwa.

Konseri haikuzuia bwawa. Lakini filime imebaki, na bonde bado linaonekana ndani yake.

Wale wasiopenda wanasema nini?

Si kila mtu anapenda, na sababu zao zina uzito. Wa kwanza wanasema muziki huu ni wa kulalia. Nyimbo ni ndefu, zinafanana, na mtu aliyechoka na kazi hana dakika kumi za kungojea ngoma iingie. Ni kweli kwamba kikundi kinaomba uvumilivu. Munamo mwaka wa 2016 walirusha moja kwa moja, katika televisheni ya inchi na ku intaneti, safari ya gari kuzunguka Iceland nzima kwa barabara kuu: kilomita 1,332, masaa 24, kamera ikiangalia mbele tu, na muziki uliotengenezwa na kompyuta kutokana na wimbo wao mmoja bila kujirudia. Kuna waliolala. Kuna walioangalia mpaka asubuhi.

Wa pili wanasema: huzuni bila maneno ni rahisi mno. Mtu anayeimba maneno anaweza kushitakiwa, kukosolewa, hata kufungwa. Asiyesema kitu, nani atamuuliza? Hapo wapenzi wenyewe wanabishana. Wengine wanajibu kwamba kikundi kilichopiga bila umeme kule mlimani kilisema vya kutosha.

Wa tatu wanalalamikia matangazo. Wimbo "Hoppípolla" wa mwaka wa 2005, maana yake kuruka ndani ya madimbwi ya mvua, ulitumiwa na BBC munamo mwaka wa 2006 kutangaza filime zake za wanyama na mazingira, "Planet Earth". Toka hapo ukasikika kila fasi: katika mpira, katika televisheni, katika video za kuaga. Wanamuziki wenyewe walipourekodi walikuwa wameupa jina la utani: wimbo wa pesa. Kisha kampuni za biashara zikaanza kutengenezesha muziki unaofanana na wao ili kuuza bidhaa, na kikundi hakikuficha kwamba hakikufurahia. Njo hatari ya kuacha ukurasa mtupu: mpenzi ataandika jina la mama yake, na mfanyabiashara ataandika bei ya gari.

Kama unataka kuanza

Usianze kwa kusikiliza ukiwa njiani ao sokoni. Spika ndogo ya simu inakata sauti za chini, na nusu ya muziki inapotea. Tumia ekuta za masikioni. Kama mega ni chache, tafuta rafiki aliye nazo ku kadi akupitishie.

Anza na "Hoppípolla". Ni fupi na ina furaha, utasikia watoto na mvua hata bila kujua jina lake. Kisha chukua "Svefn-g-englar" ya mwaka wa 1999, dakika kumi, ambamo gitare ya upinde inasikika vizuri. Kama ulivumilia, nenda ku wimbo wa nane na wa mwisho wa albumu ( ). Wapenzi wanauita "Popplagið", na kikundi kinapenda kufunga nao konseri zake. Unapita dakika 11. Kwa dakika sita za kwanza utajiuliza kama tulikudanganya. Ngoma zikipanda, utaelewa sababu gani watu wanasafiri kutoka inchi hadi inchi ili wausikie mara moja tu.

Anayetaka vitu vya karibuni atafute "ÁTTA", maana yake nane, iliyotoka munamo mwezi wa sita mwaka wa 2023, miaka kumi kisha albumu iliyotangulia. Kjartan Sveinsson, aliyekuwa ameondoka, alikuwa amerudi. Ngoma karibu hazimo. Ni violoni nyingi na ile sauti ya Jónsi, ambayo wakati huo ilikuwa ya mtu wa miaka karibu 50.

Na ukimaliza, fanya lile kikundi kilichoomba munamo mwaka wa 2002. Chukua karatasi, uandike ulichosikia. Si lazima umuonyeshe mtu. Kisha mpe mwenzako asikilize wimbo ule ule, naye aandike. Mkilinganisha karatasi mbili, mtaona kwamba hamkusikia kitu kimoja, na kwamba nyote wawili mmesikia vizuri.